Vitambaa Kumi na Viwili

Tarehe 4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Mjukuu wako hajambo, mwezi ujao anatimiza miaka mitatu na bado anakujua kwa sauti tu. Mimi nina hasira. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako siku zote iko kwenye spika hapo penye cherehani, na wateja wako wana masikio.

Juzi kiwandani nilinyanyua mfuko wa unga, mkojo ukanitoka mbele ya watu wanne. Fundi wa tanuri akamwaga ndoo ya maji sakafuni makusudi, ili wengine wasijue. Nilimshukuru huku natamani ardhi inimeze. Na haikuanza juzi. Imeanza nilipojifungua, na nilipokuuliza ulisema, "Ndiyo uzazi huo, punguza maji." Ukanishonea vile vitambaa kumi na viwili vya kuvaa ndani. Ukasema kila niendapo chooni niukate mkojo katikati, nijikaze. Ukasema niende chooni kabla ya kila safari, hata kama sisikii haja.

Jana nimekwenda hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya misuli ya nyonga. Yote uliyonifundisha ameyafuta. Miaka mitatu nakunywa maji kwa kijiko, kumbe mkojo ukiwa mzito ndio unaokichokoza kibofu. Kwa nini hukuniambia kwamba hii inatibiwa?

Mwanao

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zimefika, pamoja na matusi uliyoyafungia ndani yake. Mimi sijambo.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibu. Nimeshona sare za watoto wa watu mpaka vidole vikaota sugu, nikakusomesha, leo mtu aliyekuona saa moja anajua kuliko mimi. Ni mwanamke au mwanamume? Alikuvua nguo? Mambo ya huko chini mtu anayamaliza mwenyewe, hayapeleki kuandikwa kwenye faili. Mama yangu mimi hakunipa hata kitambaa kimoja. Wewe umepewa kumi na viwili, unarudisha shukrani ya punda.

Na mjukuu usinitajie. Nimekwambia siliwezi basi la mwendo wa saa tisa. Magoti.

Mama yako

Tarehe 27 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi na mtoto hatujambo. Umeuliza, nakujibu.

Ni mwanamke, rika lako. Alifunga mlango, akavuta pazia. Siku ya kwanza tuliongea tu, nimevaa nguo zangu zote. Nakunywa nini, naenda haja mara ngapi, choo ni kigumu au laini, nilijifunguaje, nikiwa na mume wangu naumia au siumii. Nilijibu nikitazama ukuta. Akanipa karatasi niandike kila ninachokunywa na kila ninapokwenda chooni, siku tatu. Akaniambia angependa kuipima misuli kwa ndani, kwa kidole kimoja chenye glavu, na kwamba nikikataa kuna njia nyingine. Nilikataa. Hakununa.

Mara ya pili nilikubali. Alinifunika shuka, akaniambia nikisema acha anaacha. Sikuumia. Akakuta misuli yangu haijalegea kama nilivyodhani. Imejikaza miaka yote hii mpaka imechoka, ndiyo maana ikihitajika haipo. Sasa nafundishwa kwanza kuachia, kuvuta pumzi mpaka tumbo la chini litulie. Kukaza kutafuata. Na nikinyanyua mfuko nisizuie pumzi, niitoe. Amesema ni miezi mitatu, pengine zaidi, na yeye si mchawi.

Halafu akakiona kitambaa chako. Akakigeuza, akatazama ukingo uliokunjwa mara mbili, ile nailoni ya katikati, vishikizo vya pembeni. Akauliza nani kanishonea. Nikasema mama, alivishona vyote kwa siku mbili. Akasema, "Huyu hakubahatisha. Mama yako ana shida hii tangu lini?"

Nilitoka pale nimekasirika upya. Harusi yangu hukuja, magoti. Nimejifungua hukuja, magoti. Kumbe basi halina choo, basi. Miaka mitatu nimeamini humtaki mwanangu, nimelia kwa ajili hiyo, na wewe uliniacha nilie. Usiniandikie tena habari za magoti. Kama ukweli huuwezi, bora usiandike kabisa.

Mwanao

Tarehe 26 Mei

Mama,

Shikamoo. Miezi miwili kimya. Mtoto ametimiza miaka mitatu, ameuliza kama bibi amepotea njia.

Leo nimenyanyua mfuko wa unga nikiwa mkavu. Kupiga chafya bado kunanishinda. Bado nina hasira na wewe, lakini nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Mwanao

Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, ya barua ile na ya hii. Mimi sijambo kwa sehemu zinazoonekana.

Ni miaka thelathini na mmoja. Tangu wewe. Haya, umejua, ridhika.

Harusini kwako nilikuwa naja. Nilijishonea gauni la kijani kibichi, mwezi mzima, mimi ambaye sivai ila jeusi kwa sababu jeusi halisemi. Nilikwisha panda basi na kukaa. Halijatoka stendi, nikakohoa. Nikashuka nimefunika matako kwa mkoba, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikakupigia simu nikasema magoti. Magoti yangu, kwa taarifa yako, ni mazima kuliko yako.

Nimekukasirikia kwa kunianika mbele ya mgeni. Nimemkasirikia mama yangu, na amekwisha kufa, sina pa kumpelekea. Zaidi nimejikasirikia mwenyewe. Nilikupa nilichokuwa nacho nikidhani ndiyo dawa.

Nimeongea na dereva wa basi. Sikumweleza kitu, nimemwambia tu kwamba nikisema simama atasimama. Na huyo mtaalamu wako mwambie nitavua ninachotaka mimi, pazia alivute mpaka mwisho, na ule ukuta auache wazi niutazame.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, stendi. Njoo na mtoto. Nitakuwa nimevaa la kijani. Ukiliona limelowa, nikumbatie hivyo hivyo.

Mama yako