Hakimu aliyefukuzwa mlangoni kwa Paluku

Ndugu yangu Bagula, huku Louisville, Marekani, hakimu anachaguliwa kwa kura. Kwa kura! Jirani yangu Paluku hakujua.

Jumamosi mama mmoja alibisha mlangoni kwake. "Mimi ni hakimu, naomba kura yako."

Paluku akamwambia, "Hakimu gani anapita nyumba kwa nyumba kama muuza sabuni? Toka hapa, mwizi!"

Bon, Jumatatu akaenda kortini kwa kesi yake ya kuendesha gari mbio kupita kiasi. Wakimnyang'anya permi, leseni ya kuendesha, hafiki kazini. Nani akaingia na joho jeusi? Yule mama. Yule yule!

"Tunafahamiana, mzee. Kesi yako nitampa mwenzangu."

Huyo mwenzake naye anatafuta kura, na Paluku hamjui sura.

Leo amebisha kijana anayeuza intaneti. Paluku amempa chai, akimwita Mheshimiwa.