Mtamba Mwekundu na Karatasi za CHINI

Kwako baba mkwe wangu wa zamani,

Hii ndiyo mara ya kwanza nakuambia neno. Miaka saba niliishi kwenye uwanja wako pale Ikolo, nikakupikia ndizi na kufagia unapokanyaga, na hatukuwahi kutazamana usoni. Mila yetu ndiyo hiyo: mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawaongei, na mkamwana halitaji jina la mkwewe. Ukitokea upande huu wa migomba, mimi nakimbilia upande ule. Sauti yako naijua kuliko sura yako. Sasa umezikwa, na nasikia watu walikusifu sana. Mimi sikuitwa, kwa hiyo sifa zangu nakuletea kwa barua, na nimeiacha wazi ili waliokusifu nao waisome.

Unakumbuka miaka ile ya ruksa, sabuni iliporudi madukani na wanunuzi binafsi wa kakao walipoanza kugombania magunia yetu? Redioni kila siku ilikuwa uchumi, uchumi. Ndipo Mama Sekela, yule mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Kyela mjini, akatundika ubao wake. Kila Juni, Waziri akisoma bajeti, hutaja nchi ilikua kwa asilimia ngapi mwaka uliopita. Mama Sekela akachora mstari kwenye nne, akakata maboksi vipande vipande, vingine akaandika JUU, vingine CHINI. Waziri akishataja, kila karatasi iliyoshinda inalipwa debe moja la mchele, na iliyoshindwa unawashia moto.

Kuanzia Januari watu walikuwa wanauziana karatasi hizo kwa makopo ya mchele. Makopo ishirini ndiyo debe, basi bei yenyewe ilikuwa inasema. JUU ikifika makopo kumi na tano, ujue mashine nzima inaamini nchi imekua. Ikishuka hadi matano, watu wamekata tamaa. Wakulima ambao hawajawahi kuiona Dar es Salaam walikuwa wanaipima nchi nzima, na ukubwa wake wote, kwa kopo la mafuta ya kupikia.

Na wewe ukawa bingwa wao. Miaka mitatu mfululizo hukukosea, wakakuita Bwana Asilimia. Ukifika mashineni, watu wanakupisha kwenye benchi. Ulikuwa unafunga macho, unatikisa kichwa, kisha unasema, "Nchi naisikia kwenye mifupa."

Mifupa gani, baba mkwe? Ilikuwa mifupa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nauza wali na maharage Kasumulu, pale mpakani malori yanapopanga foleni. Mume wangu, mwanao, alikuwa Chunya akitafuta dhahabu, anarudi mara moja kwa mwaka mikono mitupu, kwa hiyo nilikuwa mpakani kila siku. Niliona lori gani limejaa saruji na lipi linarudi tupu. Madereva walikula kwangu, na dereva akishiba husema yote: mizigo iko wapi, viwanda gani vimefunga, nani ananunua mabati. Jioni nilimsimulia mama mkwe jikoni. Wewe ulikuwa unakaa nyuma ya ukuta wa matete, kimya, mpaka kikohozi kikuumbue. Kesho yake asubuhi uko mashineni na mifupa yako.

Mama mkwe alikuwa anacheka. "Mbombo ngafu, kazi ni ngumu, mwanangu. Wewe unalima, mwenzio anavuna."

Sikukasirika wakati ule, naomba ujue. Kusema kweli nilijivuna. Nilijua mzee mzima anasubiri neno langu nyuma ya ukuta kama paka anayesubiri kichwa cha samaki. Shukrani hukuweza kunipa uso kwa uso, mila hairuhusu, lakini ndaga moja ungeweza kuituma kwa mkeo. Hukuituma.

Kisha nikajifungua Tupokigwe na nikakaa ndani miezi mingi. Mpakani sikwenda, la kusimulia sikuwa nalo, na wewe ukakisia mwenyewe. Ukanunua JUU ukajaza mfuko. Waziri akasoma, nchi haikufika kwenye mstari, na mashine nzima ikakucheka. Jioni hiyohiyo ukaita wazee wa kijiji. Nilikuwa jikoni, nikakusikia kwa masikio yangu ukisema, "Mkamwana huyu ana nuksi. Tulikutana kwenye njia ya mashine na hakunipisha. Amenitazama usoni."

Ulikuwa uongo, na ulijua. Siku ile nilisikia kikohozi chako kabla ya kona. Nikajitupa kwenye mfereji wa majaruba, maji kiunoni, mtoto mchanga mgongoni, nikageukia ukuta wa udongo mpaka ukapita. Tupokigwe aliugua kifua wiki mbili kwa ajili ya heshima yako. Na mimi, kwa mila hiyohiyo, sikuweza kutoka jikoni nikakujibu mbele ya wazee. Uliiba akili yangu ukaita mifupa, na ulipokosea wewe ukaita nuksi yangu.

Wakanirudisha kwa baba yangu Makwale. Wazee wakaamua kwamba mahari irudi, na siku ng'ombe watatu watakapokamilika uwanjani kwako, ndipo mtoto atakaponifuata. Baba alikuwa amebaki na wawili. Huyo wa tatu ndiye aliyesimama kati yangu na mwanangu, na ulijua hatuna pa kumpata. Wazee waliniruhusu kwenda kumtazama mtoto mara moja kwa mwezi. Mara ya kwanza alininyooshea mikono. Mara ya tano alijificha kifuani mwa bibi yake.

Nikarudi Kasumulu na sufuria zangu. Tangu kiangazi hadi masika nilitazama malori, nayo yalikuwa yanarudi matupu, moja baada ya jingine. Madereva walikuwa wanakula kwa mkopo. Aprili nilikuja kwako kumtazama mtoto, nikasikia kikohozi nyuma ya matete. Mkamwana umemfukuza, lakini masikio umeyaleta palepale.

Hapo ndipo nilipokulipiza, baba mkwe. Labda ulikufa ukisema nilikuhadaa. Sikukudanganya. Nilipaza sauti nikamwambia mama mkwe ukweli mtupu: "Mwaka jana ulikuwa mbaya, mama. Malori yamerudi matupu tangu kiangazi hadi masika haya. Mwenye akili anunue CHINI."

Nilikufahamu. Mtu hupima wenzake kwa kibaba chake. Wewe ungekuwa mimi, ungesema uongo, kwa hiyo ukaamua nami nimesema uongo. Kesho yake ukaenda mashineni ukanunua JUU zote ulizoziona. Wenzako, kwa kuwa Bwana Asilimia amesema, wakakufuata. JUU ikapanda hadi makopo kumi na saba, CHINI ikawa haina mwenyewe. Kaka yangu akaingia pale na mchele wangu wa msimu mzima, akazinunua CHINI kwa makopo matatu matatu. Mchele ulipokuishia, ukasimama mbele ya watu ukasema, "Nani anasema CHINI? Naweka mtamba wangu mwekundu." Kaka akaweka karatasi zake zote.

Siku ya bajeti nilikuwa nje ya mashine, nyuma ya magunia ya pumba, nimejifunika khanga. Waziri akataja tarakimu, chini ya nne. Nilisikia benchi likilia ulipoketi.

Wiki mbili baadaye baba yangu alileta ng'ombe watatu uwanjani kwako mbele ya wazee walewale. Nilikuwa upande wangu wa migomba. Sikuhitaji kukuona. Nilisikia kwato za mtamba mwekundu mwenye sikio lililochanika alipopita getini, akaenda moja kwa moja kwenye zizi lake, maana alizaliwa hapo. Mzee mmoja akauliza, "Wametimia?" Ukakohoa. Akauliza tena. Ukasema, "Wametimia." Ulilipwa kwa ng'ombe wako mwenyewe, ukashindwa kumkataa, na mwanangu nikambeba mgongoni nikaondoka.

Watu wananiambia marehemu husamehewa. Labda. Tupokigwe ni mtu mzima sasa, na kila masika kifua bado kinambana. Siku kikipona nitalifikiria hilo la msamaha.

Pumzika huko uliko. Juu ya bahasha nimeandika jina lako lote, herufi kubwa, na leo asubuhi nimelitamka mara tatu pale kwenye mfereji, kwa sauti, nikiwa nimesimama katikati ya njia. Hakuna nuksi iliyotokea.

Aliyekuwa mkamwana wako,
Mama Tupokigwe