Lita za Friji Yako

Bisil, Alhamisi

Kaka Munguti,

Huku mbuzi mmoja amezaa, na mvua bado.

Jumanne nilipofika kwako Kitengela kuwaambia mama ametuacha, ulitoka nje kupiga simu, na bibi yako Kalunde akaenda kupika chai. Nikabaki na friji. Unajua fundi wa nguo hatembei bila tepu. Ndani upana ni sentimita arobaini na tano, kina arobaini, urefu mia moja. Nikazidisha, nikagawa kwa elfu moja, nikapata lita mia moja na themanini. Nikatoa ishirini za rafu na mota. Zikabaki mia moja na sitini.

Pakiti ya insulini ya mama nayo nimeipima. Nusu lita haifiki.

Nilipokuomba uitunze kwako, uliniambia friji imejaa. Nimeona kilichoijaza: soda, na mguu wa mbuzi uliyepewa na mama mwenyewe. Sisi huku bila stima tuliweka dawa kwenye mtungi wa maji, na jua la Bisil unalijua. Dawa iliharibika, na mimi nikaendelea kumdunga nayo.

Mazishi ni Jumamosi. Njoo na watu wako wote. Nafasi iko, nimepima.

Mwongeli, mtoto wa mama yako