Chakula Hakikumuua Mume Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanaheri Saidi
Umri: Miaka 56
Dini: Mwislamu
Kazi: Muuza vitambaa
Makazi: Mbugani, Kyela mjini

Mimi ni mtajwa hapo juu, mjane wa marehemu Khamisi. Nimo kwenye eda na sikupaswa kutoka nyumbani, ila nimesikia mpishi Asifiwe amewekwa mahabusu kwa ajili ya kifo cha mume wangu.

Mnamo tarehe 14/07/2024, majira ya saa saba mchana, mimi na mume wangu tulifika kwenye mgahawa wa shambani ulioko Ndandalo. Ni mahali pa watu wenye uwezo. Kinacholiwa pale kinalimwa palepale, bila dawa wala mbolea ya dukani. Khamisi ndiye aliyetaka twende, maana kwa muda mrefu alikuwa anakunywa uji tu. Aliniambia, "Mama Samira, nipeleke na mimi nikakae mezani kama mtu."

Nilimfuata Asifiwe jikoni nikamweleza kuwa mume wangu amekatazwa chumvi. Akatupikia chungu chetu peke yake: samaki wa ziwani, wali na majani ya maboga. Tulikula sahani moja. Khamisi alimaliza, akaomba aongezewe, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Ramadhani. Asifiwe alikuja akamuuliza, "Baba, umeshiba?" Akamjibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana.

Kisha akasema, "Ngoja niegemee kidogo." Akaniegemea begani. Nilidhani amelala, nikatulia nisimwamshe. Asifiwe alipoleta maji ya kunawa, ndiye aliyeona.

Shemeji yangu Dulla alikuja kituoni kusema kaka yake ametiliwa sumu. Simlaumu, hakujua. Mwezi wa tano daktari kule Mbeya alitueleza kwamba moyo umechoka na hakuna la kufanya. Daktari huyo yupo, aulizwe. Khamisi alinikataza kusema. Alisema, "Dulla akijua, ataanza kunililia ningali hai."

Leo asubuhi nimemwambia Dulla. Alikaa chini. Ndiye aliyenileta hapa, yuko nje.

Naomba binti yule aachiwe. Alimpa mume wangu mchana mzuri.

Haya ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari yangu.

Sahihi: Mwanaheri Saidi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Godwin, nikamsomea shahidi naye akayathibitisha. Nilipokuwa nasoma, Bwana Dulla aliingia akaomba kuondoa malalamiko yake. Alikuwa analia. Nitachukua maelezo yake kesho.