Mkono wa Mjomba Eusebio

S.L.P. 41,
San Lázaro, Arizona.
12 Novemba

Mpendwa dada Marisela,

Hujambo huko kwenye barafu yenu ya Alaska? Watoto hawajambo? Na kile kifua cha mdogo kimepoa? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimeshalizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Pilipili zimekauka vizuri mwaka huu. Fungu lako nimelitundika jikoni.

Mimi bado nawafundisha polisi kutoa damu ya madereva wanaoshukiwa kulewa, maana hospitali iko mbali, na pombe haikai mwilini kumsubiri mtu. Wanaume wazima wenye bastola kiunoni, ukiwapa sindano wanatokwa jasho! Wakishamaliza mikono ya plastiki ya kujifunzia wanahitaji mikono ya watu, na baba yako, mjomba wangu Eusebio, alijitolea muhula mzima kwa malipo ya kahawa na mkate mtamu. Mdomo wake unaujua. "Mwanangu, unatafuta mshipa au unachimba kisima?" Darasa zima hoi kwa kicheko.

Jambo moja nalirudia mpaka koo linakauka: usifute ngozi kwa pamba ya spiriti. Spiriti yenyewe ni pombe, na wakili wa mshtakiwa ataishika hiyo hiyo mpaka kesi ife. Tumia ile dawa ya kahawia isiyo na pombe.

Sasa dada, kaa chini. Jumamosi baba yako alikunywa. Alitoka kwenye arusi ya binti wa jirani, akashika usukani, akaliingiza gari mtaroni. Hakuumia wala hakumuumiza mtu. Najua ulimwambia nini ulipoondoka: akiendesha amelewa tena, asijihesabu kuwa ana binti. Simtetei. Nilikasirika mpaka nikalia.

Aliyemkuta pale mtaroni ni Tanner, mwanafunzi wangu wa muhula uliopita. Kesho yake alikuja kwangu kichwa chini, akanieleza yote. Kule kituoni ilimbidi amtoe damu mzee yule yule ambaye mkono wake ndio aliojifunzia. Kwa kuchanganyikiwa akachana pakiti ya spiriti. Baba yako akauvuta mkono.

"Siyo hiyo, mwanangu. Ya kahawia."

"Mzee Eusebio, unajua unachofanya lakini?"

"Nimelewa, sijawa mjinga. Badilisha upesi, na usinidunge kama unachoma gunia."

Angenyamaza tu, Marisela. Angenyamaza, damu ile ingekataliwa mahakamani na leo angekuwa anaendesha gari lake. Sasa leseni imekwenda, na wiki ijayo atasimama mbele ya hakimu. Anasema atakiri.

Nilipomuuliza kwa nini, alianza utani wake, eti hakutaka mwanafunzi wetu afeli. Kisha akaangalia pembeni. "Marisela akija kuniuliza, nataka niwe na jibu la kweli."

Amenikataza nisikuandikie, anataka kukwambia mwenyewe. Lakini kila jioni anaishika simu, anaiweka. Mimi nimechoka kuangalia.

Wasalimie mumeo na watoto, na shangazi Delfina ukizungumza naye. Mama yangu anakubusu mashavu yote mawili. Mungu akulindie nyumba yako na aulainishe moyo wako kwa kadiri uwezavyo, si zaidi.

Plasta aliyobandikwa na Tanner bado iko mkononi mwake, imeshachakaa. Nilitaka kuibandua, akakataa. Anasema ataitoa siku atakayokuwa amekwambia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu utotoni,
Ofelia