Metimani ya Uongo

Jumapili, 11 Januari 2026

Remi amerudi! Amekonda, nywele hana, lakini mume wangu amerudi. Kule India walimtoa seli za kinga kwenye damu, wakazifundisha maabara kuitambua saratani, wakamrudishia mwilini. Saratani haionekani tena. Haionekani! Nimelia mpaka akanicheka.

Ila hizo seli zilipoanza vita, nusura zimmalize mwenyewe. Homa kali, presha ikashuka, kisha akili ikapotea – alimwita nesi kwa jina la mama yake, akaonyeshwa kalamu akashindwa kuitaja. Yalipita, namshukuru Mungu. Sasa kinga yake ni ndogo kuliko ya kichanga. Masharti: watu wasimjazie chumba, maziwa yachemshwe, asiendeshe gari mpaka daktari aruhusu. Yeye, dereva wa watalii! Na homa ikipanda, hospitali saa hiyohiyo. Dorkasi ana kikohozi, nimempeleka kwa shangazi yake kule Ganako kabla baba yake hajafika. Mtoto hajamwona. Inaniuma.

Jumatano, 14 Januari

Jumuiya nzima ya kanisa imekuja kumwombea. Na watoto. Na makamasi! Nimesimama getini kama mgambo. Jirani yangu Antonia, Mama Yohani, akanitazama, akauliza polepole: kwani mna metimani?

Ningemweleza. Lakini seli, maabara, India – nianzie wapi? Metimani hapa Qurus haihitaji maelezo. Nyumba iliyopatwa na mkosi hujitenga, haiazimani moto wala chombo na jirani, na mjamzito haikaribii kabisa. Nikainamisha kichwa tu. Wakarudi nyuma, wakasali kutoka barabarani, wakaenda zao.

Kumbe rahisi hivi!

Jumatatu, 26 Januari

Hakuna anayekanyaga hapa. Bombani wananipisha. Remi ameshajua, na amekasirika kweli. Amepona saratani, anasema, halafu mkewe anamtangaza ana mkosi! Nikamwambia afadhali mkosi kuliko kikohozi. Hakucheka. Ameshinda kibarazani anafuta darubini yake ya kazini.

Kila asubuhi namwuliza maswali, kama manesi wa kule. Hiki ni nini? Tuko wapi? Mimi ni nani? Leo kajibu kwa dharau: "Kijiko. Qurus. Mkorofi."

Jumanne, 3 Februari

Kijiko, Qurus, mkorofi. Salama. Ila chai kaiacha nusu.

Jumapili baada ya misa nitamweleza Antonia ukweli. Aibu tu ndiyo inanichelewesha.

Jumamosi, 7 Februari

Homa. Thelathini na tisa na nusu! Meno yanagongana. Nimepiga simu hospitali: mlete sasa hivi. Gari lao la wagonjwa limepeleka mzazi Arusha. Leo tarehe saba, mnada, magari yote yako huko. Bodaboda hawezi, anayumba hata akiwa amekaa. Limebaki gari moja tu, Noah ya Wilibrodi, mume wa Antonia.

Nimekimbia kwake. Hakunipa mkono. Mkwe wake ana mimba, na ile ya kwanza iliharibika. Nikamwambia hakuna metimani, Baba Yohani, ni kinga ya damu, niliwadanganya! Akaniangalia. "Mama Dorkasi, leo una shida ndiyo metimani imekwisha?"

Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Lakini ana huruma. Amelileta gari mpaka getini kwetu, akaacha funguo juu ya boneti, akavuka barabara. Endesheni wenyewe, anasema, mimi siwezi kukaa naye humo kisha nirudi kwa yule binti.

Endesheni! Nimeolewa na dereva miaka yote hii, sijui hata kuliwasha.

Remi katoka na blanketi mabegani. Kaingia moja kwa moja upande wa usukani. Kafunga mkanda, kaweka kioo sawa, kanyoosha mkono: nipe funguo. Mkono umetulia kabisa. Barabara ya hospitali anaijua kuliko mtu yeyote. Nikakaribia kumpa. Nikasema ngoja, nimwulize kwanza.

Hiki ni nini? Usukani. Na hii? Breki. Nikashusha pumzi. Haya, tunakwenda wapi?

"Kreta, kwenye wanyama," akasema. "Wageni wameshakunywa chai?"

Ee Mungu wangu.

Nikamwambia bado wanakunywa. Akasema sawa, wasiharakishwe. Sasa anawasubiri, mikono kwenye usukani, anatetemeka. Nimekaa pembeni yake naandika, ili mkono wangu usimpe funguo. Nimemwita Wilibrodi mpaka sauti imekauka – kwamba sina mtu mwingine, kwamba huyu hajui alipo. Amesikia. Amevua kofia. Yuko palepale ng'ambo ya barabara, anaangalia nyumbani kwake, anaangalia huku.