Wagonjwa wa Daftari la Epifania

Epifania wangu ndiye mganga wa zahanati ya kijiji! Mpendwa mshauri, salamu zitafuata, hiyo kwanza, maana katika ukoo wetu wote hapa nje ya Milanzi hakuna aliyewahi kuvaa koti jeupe, na mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyemzaa. Sasa naomba msaada, furaha yangu imeingia mchanga. Hadi mwaka jana mganga alipita mara moja kwa mwezi, mwanangu anafungua kila siku, na kijiji chetu cha ujamaa kimekua kwa watu waliohamishiwa hapa, kaya themanini zimekuwa mia mbili na arobaini, basi mwaka jana wenye homa waliandikwa daftarini arobaini, mwaka huu mia mbili na kumi, na jirani yetu Kasimiri kwenye pombe ya ulezi anatangaza, "Binti wa Stefania katuletea homa kwenye mkoba!" Watu wanacheka, halafu hawapeleki watoto, na wanataka mkutano wa kumwondoa. Mwenyekiti wa kijiji kasema siku nichague mimi, baada ya mavuno. Kwa uchungu nikamwambia mwanangu aruke nusu ya majina daftarini, akanijibu, "Mama, shikamoo nakupa kila asubuhi, kalamu sikupi." Nimlazimishe?

Stefania, mama wa mganga

JIBU

Hongera, Mama Epifania, umezaa na umelea. Ila kwa hayo majina nusu, aibu! Dawa huletwa kwa kufuata daftari; ukimruka mgonjwa umemnyima na kidonge chake.

Jibu umeliandika mwenyewe ukijisifu. Aliyehesabu siku kumi na mbili kwa mwaka ataonaje sawa na anayehesabu kila siku? Na kaya zimezidi mara tatu! Kisha mwulize binti yako wangapi walishuka Mtowisa, bondeni kwenye mbu, kulima mpunga wakarudi wanatetemeka. Huenda homa imeongezeka kweli, hatujui bado. Kama imeongezeka, mnamfukuzaje anayeitibu?

Wewe usibishane na Kasimiri kilabuni, kule hakuna daftari. Nenda ofisi ya mganga wa wilaya, Sumbawanga mjini, uombe hesabu za homa za vijiji jirani na idadi ya watu wake, zenye muhuri. Mkutanoni nyamaza, mama, najua itakuwia vigumu. Epifania asome mwenyewe, Kasimiri akae mbele aulize anachotaka, na kila mzazi aje na mtoto wake mwenye homa atibiwe hapo hapo. Mwambie Mwenyekiti umeshachagua siku: kijiji kizima kije, Jumapili ya kwanza ya Agosti, mara baada ya misa.